Namna ya Kupima Ujuzi Wako Kabla ya Kumshauri Mtu Mtandaoni

Kabla hujamjibu anayeomba ushauri, weka simu kando, chukua karatasi na ueleze jambo lenyewe hatua kwa hatua. Kalamu itakapokwama ndipo ujuzi wako unapoishia. Mwaka 2002, Leonid Rozenblit na Frank Keil wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliwataka watu waeleze jinsi vitu kama zipu vinavyofanya kazi. Baada ya kujaribu, wengi walijipunguzia alama za uelewa walizokuwa wamejipa mwanzoni.

Mimi nilikwama mbele ya majirani. Usiku mmoja, katika kundi la WhatsApp la ploti yetu huku mtaa wa Umoja, Nairobi, mama mmoja aliandika kwamba mwanawe anaharisha, nami nikajibu kwa uhakika, "Mpe maji ya chumvi na sukari." Akauliza, "Kiasi gani, jirani?" Sikujua. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo mara nyingi hata nikaamini ninalijua. Kipimo ni lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, na anayezidisha chumvi anaweza kumdhuru mtoto vibaya. Mama yule alikuwa na sufuria mkononi akinisubiri. Hilo bado linaniuma.

Usidhani kwamba kupekua intaneti kunaliziba pengo hilo. Utafiti wa Matthew Fisher na wenzake wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa waliotoka kutafuta majibu intanetini walijiona wanaweza kueleza hata mambo ambayo hawakuyatafuta. Kwa hiyo andika ulikosoma, kisha utaje usichokijua: "Dawa hii naijua, kipimo cha mtoto sikijui, muulize mhudumu wa kliniki."

Anayekushauri naye mpime vivyo hivyo: kiasi gani, kwa nani, na ni lini haifai? Neno "Daktari" mbele ya jina halitoshi, kwa kuwa hata mwenye shahada ya uzamivu ya historia huitwa hivyo. Baraza la madaktari la Kenya na Chama cha Mawakili huweka mtandaoni orodha za madaktari na mawakili waliosajiliwa. Tafuta jina humo.

Ukigundua umekosea, sahihisha katika kundi lile lile, ukiunukuu ujumbe wako wa kwanza. Kuufuta hakutoshi, kwani nakala zilizokwisha kusambazwa kwingine hubaki. Waombe waliozituma wapeleke na masahihisho huko huko.