Somo: Intarapti ya UART kwenye ATmega328P, haiji kabisa au haikomi?

Swali ni lile lile kila mara: "GPS inatuma data lakini programu imeganda." Naandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha huku.

Intarapti ni wito unaoikatiza programu kuu; UART ni sehemu ya chipu inayopokea na kutuma data kwa waya. Mfano wetu ni chipu ya ATmega328P yenye kristali ya 16 MHz, moduli ya GPS ya baudi 9600 (biti kwa sekunde), na C tupu bila maktaba za Arduino.

1. Waya: TX ya moduli iende RX ya chipu (PD0). Graundi ziungane.

2. Baudi: rejista ya kuipanga, UBRR0 = 103.

3. Washa RXEN0 (kupokea) na RXCIE0 (intarapti ya kupokea) ndani ya rejista ya UCSR0B, halafu sei() kuruhusu intarapti.

4. Jina la vekta (linaloonyesha kazi ipi iitwe baiti ikifika) ni USART_RX_vect. Kwenye ATmega2560 ni USART0_RX_vect. Ukikosea, kompaila inatoa onyo tu na kuendelea, kisha baiti ya kwanza ikifika programu inaanza upya. Someni maonyo jamani.

5. Ndani ya ISR (kazi inayoitwa na intarapti). Hapa ndipo usiku wa watu unapoishia. Bendera (biti ya ishara) ya taima hujizima ISR inapoingia, lakini RXC0, bendera ya "baiti imefika", haiko hivyo: inazimika pale tu UDR0 (rejista ya data) inaposomwa. Sasa mtu anaandika "kama sentensi ya kwanza (mstari wa data ya GPS) haijashughulikiwa, toka" kabla ya kusoma UDR0. ISR inatoka, programu kuu inapata amri moja tu, ISR inaitwa tena, na tena. Ukiangalia kwa nje utasema intarapti haifanyi kazi, kumbe inafanya kazi kupita kiasi. Soma UDR0 hata kama baiti hiyo unaitupa.

ONYO: UCSR0A (rejista ya hali) isomwe KABLA ya UDR0, la sivyo bendera za makosa FE0 (fremu mbovu) na DOR0 (data iliyopotea) za baiti hiyo zimekupotea.

ONYO la pili: usichapishe wala kuweka delay ndani ya ISR. Kwa 9600 baiti moja huchukua takriban milisekunde 1.04. Chipu inahifadhi baiti mbili, ya tatu inasubiri kwenye rejista ya kupokelea; ya nne ikianza kuingia, kuna inayopotea.

6. Weka baiti kwenye bafa ya mviringo (safu inayorudi mwanzo ikifika mwisho), vielekezi vyake viwe volatile, yaani kompaila ivisome upya kila mara. Kuchambua sentensi ni kazi ya programu kuu.

Kipimo cha haraka, kugeuza hali ya pini kila ISR inapoitwa: mstari wa kwanza wa ISR uwe PINB = (1<<PB5), na PB5 iwe pini ya kutoa yenye LED. LED ikipepesa GPS inapotuma, uko salama. Ikiwaka kwa mwanga hafifu bila kukatika, rudi hatua ya 5. Isipowaka kabisa, anza na 1 hadi 4.

MASWALI

chuma_moto: Haifanyi kazi. Msaada wa haraka wakuu.

Jibu: Kipi hakifanyi kazi? Weka ISR yako na UCSR0B, tusipige ramli.

bati_jipya: Mimi inasema "multiple definition of __vector_18".

Jibu: Umeita Serial. Maktaba ya Arduino ina ISR hiyo tayari. Chagua moja.

bati_jipya: Ungesema mapema.

Jibu: "C tupu bila maktaba za Arduino." Iko juu, kabla ya hatua ya 1.

mama_solda: Mkuu, nimefuata yote, napokea takataka. Chipu ni mpya, nimeinunua tupu.

Jibu: Swali zuri, dada. Chipu tupu hutoka kiwandani ikitumia saa ya ndani ya 8 MHz iliyogawanywa kwa 8, yaani 1 MHz. UBRR0 ya 103 hapo inakupa baudi 600 hivi. Badili fyuzi (mipangilio ya kudumu ya chipu) itumie kristali. Ukitaka kubaki na 1 MHz, washa U2X0 (kasi maradufu) na uweke UBRR0 = 12, ingawa saa ya ndani huyumba kwa joto.

mama_solda: Imekubali! Na kwa nini 115200 inasumbua hata kwenye 16 MHz?

Jibu: Mgawanyo hauingii sawasawa. UBRR0 ya 8 inatoa 111,111, pungufu ya asilimia 3.5. Kwa U2X0 na 16 unapata 117,647, zaidi ya asilimia 2.1. Kristali ya 14.7456 MHz ukiweka 7 inalenga kamili.

kijana_wa_mega: Kupokea sawa, ila nikiwasha UDRIE0 (intarapti ya kutuma) nitume, inaganda tena.

Jibu: Ni ugonjwa ule ule. Intarapti hiyo huita muda wote UDR0 ikiwa tupu. Bafa ya kutuma ikiisha, zima UDRIE0 humo humo ndani ya ISR. Iwashe tena unapoongeza baiti.