Una kesi ya zamani na unataka leseni ya bima Marekani? Anza hapa

Simu za namna hii huja usiku, mtu akishatoka zamu. Huanza mbali: habari za watoto, baridi ya Minnesota, bei ya tiketi ya kwenda nyumbani Desemba. Ndipo anatua. "Kaka, mtihani wa bima nimefaulu. Ila kwenye fomu kuna swali moja linaninyima usingizi. Kuna kitu kilinitokea zamani."

Mimi nauza bima za magari na nyumba hapa Texas, na Waswahili wa huku tuna desturi ya kuulizana wenyewe kwa wenyewe kabla ya kumfikia mtu anayelipwa kujibu. Hizi ndizo hatua ninazowapitisha. Mimi si wakili. Kesi yako ikiwa nzito, lipia saa moja ya wakili anayeshughulikia leseni kabla hujabonyeza kitufe chochote.

Hatua ya 1: Jua uko fungu gani

Marekani hakuna leseni moja ya bima ya nchi nzima. Kwa sheria ya McCarran-Ferguson ya mwaka 1945, bima ni kazi ya majimbo, na kila jimbo lina idara yake na ukali wake. Florida, kwa mfano, humfungia milele mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa kubwa la kutakatisha fedha. Majimbo mengine hupima kila mtu kivyake. Kwa hiyo ukisikia "rafiki yangu alipewa", muulize kwanza alipewa jimbo gani.

Juu ya majimbo yote imekaa sheria moja ya shirikisho, kifungu cha 1033 cha juzuu ya 18 ya sheria za Marekani, kilichopitishwa mwaka 1994. Kinasema hivi: ukitiwa hatiani kwa feloni yenye udanganyifu au uvunjaji wa uaminifu, huruhusiwi kushiriki biashara ya bima mpaka mdhibiti wa bima akupe ridhaa ya maandishi. Hakisemi "ikipita miaka kumi basi". Kosa la mwaka 1996 bado linakufunga leo. Ukifanya kazi bila ridhaa hiyo umetenda kosa jipya, na kifungo chake hufika miaka 5. Bosi aliyekuajiri huku anajua naye anaingia humo.

Feloni, kwa wasiozoea, ni makosa makubwa, kwa kawaida yale ambayo adhabu yake inaweza kupita mwaka mmoja jela. Yaliyo chini yake huitwa misdimina. Kipigo cha baa kinaweza kuwa feloni lakini hakina udanganyifu ndani yake, kwa hiyo 1033 haikigusi, ingawa jimbo litakuuliza. Kughushi hundi, kuchukua msaada wa chakula kwa taarifa za uongo, kuiba fedha za mwajiri: hizo zikiwa feloni ziko ndani kabisa. Angalia kosa lenyewe linajengwa na nini kisheria, usidanganywe na jina lake.

Wengi hudhani 1033 ni ya mawakala tu. Sivyo. Inawagusa pia wafanyakazi wa kampuni ya bima, hata yule wa kupokea simu ambaye hahitaji leseni.

Hatua ya 2: Tafuta karatasi kabla ya kujaza chochote

Usitegemee kumbukumbu yako. Watu wananiambia "ilifutwa", tukifungua faili tunakuta ilipunguzwa tu. Nenda kwa karani wa mahakama ya kaunti ulikoshtakiwa, uombe nakala zenye muhuri za vitu viwili: hati ya mashtaka, na hati inayoonyesha kesi iliishaje. Kama ulipewa kifungo cha nje, ongeza barua ya kuthibitisha kwamba ulimaliza na kulipa kila ulichotakiwa kulipa.

Kisha omba rekodi yako mwenyewe kutoka FBI. Ni dola 18 na alama za vidole. Inauma kidogo kulipia kusoma mabaya yako mwenyewe, lakini majimbo mengi yatachukua alama zako hata hivyo, na ni heri ukione wewe kwanza watakachokiona wao. Rekodi hiyo huonyesha hata kukamatwa ambako hakukufika popote. Kama kesi yako ilifutwa kabisa bila wewe kukiri, weka hati ya kufutwa karibu, wakiuliza uwe nayo.

Na ya nyumbani je? Fomu haisemi "Marekani tu". Ukihukumiwa Mombasa au Mwanza kabla ya kuhamia, swali linakuhusu. Hukumu ya Mahakama ya Mwanzo ya Tanzania imeandikwa kwa Kiswahili, kwa hiyo utahitaji tafsiri iliyothibitishwa na mtu mwingine, si wewe wala mke wako. Namna kosa la nje linavyohesabiwa huku, hapo ndipo ile saa ya wakili inapolipa.

Hatua ya 3: Soma swali kama mwanasheria, si kama mtu aliyechoka

Hapa ndipo watu wengi huanguka, wakiwemo waliokuwa na kosa dogo lisilotisha mtu.

Majimbo mengi hutumia fomu ya pamoja iliyoandaliwa na NAIC, chama cha wadhibiti wa bima wa majimbo. Swali la kwanza la historia yako limegawanyika: misdimina, feloni, na makosa ya kijeshi. Soma maana ya "kutiwa hatiani" iliyo chini ya swali. Inajumuisha kukiri kosa, kusema "sipingi", kupewa kifungo cha nje, kifungo kilichosimamishwa, au faini. Faini! Ndugu yangu anayesema "mimi sikufungwa, nililipa tu dola mia tatu nikaenda zangu" alitiwa hatiani kwa maana ya fomu hii.

Halafu swali linaongeza hukumu iliyozuiwa au kuahirishwa. Texas tumejaa hizi. Hakimu anakuambia: kiri, kaa kwa amani mwaka mmoja, na hukumu haitaandikwa. Wakili wako wa siku ile alikuambia kwa haraka kwamba "hutakuwa na hatia", na kwa mambo mengine alikuwa sahihi. Kwenye fomu ya bima, jibu ni ndiyo.

Nilimsaidia dada mmoja mwenye hadithi hiyo hiyo. Wizi wa dukani akiwa na miaka 19, vipodozi vya dola zisizofika mia, hukumu ikaahirishwa. Alijibu "hapana" kwa nia njema kabisa. Alama za vidole zikarudi na jibu jingine. Barua aliyopokea haikuzungumzia vipodozi. Ilizungumzia taarifa zisizo za kweli kwenye maombi, ambazo katika majimbo mengi ni sababu ya kunyimwa leseni peke yake, hata kosa lenyewe lisingemzuia. Alipata leseni mwishoni, baada ya miezi ya barua na maelezo. Angejibu "ndiyo" siku ya kwanza, sidhani kama tungefahamiana.

Usijaze pia zaidi ya ulichoulizwa. Fomu ya pamoja inakuruhusu kuacha makosa ya utotoni yaliyoamuliwa na mahakama ya watoto. Kwenye misdimina unaruhusiwa kuacha faini za barabarani, kuendesha umelewa, kuendesha bila leseni na kuendesha kwa fujo. Lakini hapa Texas kuendesha umelewa mara ya tatu, ukiwa umeshatiwa hatiani mara mbili, huwa feloni, na hapo ruhusa hiyo imekwisha. Majimbo mengine hubadilisha maneno, kwa hiyo jibu fomu iliyo mbele yako, si ile aliyojaza binamu yako Ohio.

Hatua ya 4: Andika maelezo yako

Kila "ndiyo" hutaka maelezo ya maandishi yenye sahihi. Nimesoma mengi, na mabaya yote yanafanana. Moja lilianza hivi, nalitafsiri: "Nilikuwa mahali pabaya wakati mbaya, polisi hawakunisikiliza, na aliyekuwa mwenzangu alinisaliti." Ukurasa mzima, na msomaji bado hajui kilichotokea.

Tuliliandika upya: "Mwezi Machi 2011, kaunti ya Harris, nilitumia kadi ya benki ya mtu niliyeishi naye bila ruhusa yake, nikanunua bidhaa za dola 240. Nilikiri. Nilipewa kifungo cha nje cha miezi 12, nikarudisha fedha zote, nikamaliza Aprili 2012. Sijakamatwa tena. Tangu 2014 nafanya kazi katika nyumba ya wazee, ambako nashika funguo na fedha ndogo za wakazi." Sentensi chache tu. Tarehe, mahali, kitendo, adhabu, mwisho, na maisha baada ya hapo. Sentensi ya mwisho ndiyo iliyobeba mzigo, kwa sababu bima ni kazi ya kushika fedha za watu.

Hakikisha kila tarehe inalingana na hati za mahakama. Ambatisha barua za watu wanaokufahamu kikazi. Barua ya imamu au mchungaji inasaidia, ila ya msimamizi anayesema "najua kesi yake na bado namwachia kasha la fedha" inasaidia zaidi. Sheria ya Texas ya leseni za kazi inataja mambo ya kupimwa: ukubwa wa kosa, umri wako wakati ule, muda uliopita, kazi uliyofanya kabla na baada, namna ulivyotimiza masharti ya mahakama, barua za wanaokujua. Jibu hayo bila kusubiri uulizwe.

Hatua ya 5: Kama uko chini ya 1033, omba ridhaa kwanza

Ridhaa ya 1033 ni ombi tofauti na leseni. Unaliomba kwa idara ya bima ya jimbo unaloishi. Fomu ya leseni itakuuliza kama umeomba, na kama umepewa uambatishe nakala. Anayejaza maombi ya leseni huku hajaomba ridhaa anajitengenezea kukataliwa. Wakati unasubiri, usikubali "njoo tu ujifunze ofisini". Nimewaona wakubwa wa ofisi wakisema hivyo wakicheka, na wenyewe wamo hatarini.

Hatua ya 6: Uliza kabla ya kulipia darasa

Texas inaruhusu jambo zuri ambalo wachache wanalijua: kuomba barua ya tathmini ya historia yako ya jinai kabla ya kusoma wala kufanya mtihani. Idara inatakiwa kukujibu ndani ya siku 90. Kama mambo yako ni mazito, anzia hapa. Uliza kama jimbo lako lina kitu kama hicho.

Hatua ya 7: Wakikataa

Soma tarehe ya mwisho kwenye barua kabla ya kusoma kitu kingine. Una haki ya kuomba kusikilizwa, na kwa Texas kesi huenda kwenye ofisi ya usikilizaji ya serikali, mbele ya hakimu asiye wa idara ya bima. Usiende peke yako. Na usikimbilie jimbo jingine ukidhani halitajua: hatua zinazochukuliwa dhidi yako huingizwa kwenye hifadhidata ambayo majimbo husomeana.

Hatua ya 8: Ukishapata leseni

Ukishtakiwa baadaye, majimbo mengi hutaka uripoti ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kwanza ya kusikilizwa kabla ya kesi kuanza. Usisubiri hukumu, na usihesabu tangu siku wakili wako alipokupigia. California wana siku 30 zao pia kwa mabadiliko ya historia yako. Kama una leseni za majimbo kadhaa, NIPR, mfumo wa mtandaoni wa leseni za bima, unakuruhusu kupakia hati mara moja na kuzijulisha idara zote husika. Hifadhi risiti ya kupakia. Yangu naziweka kwenye bahasha moja na cheti cha mtihani, kabatini, juu ya pasipoti.