Fangasi na kifua kikuu kwenye utando wa ubongo kwa wakati mmoja: mwongozo kwa daktari wa wodini

Mwongozo huu unamhusu mtu mzima mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka sana na anaumwa kichwa kwa wiki kadhaa. Kwa mgonjwa kama huyu, kipimo cha kwanza kutoa jibu chanya kisikatishe uchunguzi.

Hatua ya 1. Toa maji ya uti wa mgongo, ukianza kwa kupima presha yake. Pasipo na manometa, mrija safi wa dripu na rula vinatosha. Presha ikizidi sentimita 25, punguza maji mpaka ikaribie 20, na urudie kila siku iwapo inapanda tena.

Hatua ya 2. Fanya kipimo cha CrAg, kinachotafuta chembe za fangasi aina ya kriptokoka kwenye maji hayo. Jibu husomwa baada ya dakika 10.

Hatua ya 3. Hapa ndipo kifua kikuu hukosekana, hasa CrAg ikiwa chanya na kila mtu akaridhika. Vimelea vyake ni vichache mno kwenye maji hayo, kwa hiyo kinga mililita 6 hadi 10, wala usikubali matone machache yaliyobaki baada ya vipimo vingine. Maabara iyazungushe kwenye mashine, kisha mashapo yaingizwe kwenye Xpert Ultra, kipimo kinachotafuta vinasaba vya vimelea vya kifua kikuu. Mimi huandika juu ya fomu, kwa herufi kubwa, "MASHAPO YASITUPWE". Hadubini pekee siitegemei. Hata hivyo, Ultra ikiwa hasi haiondoi kifua kikuu: protini nyingi, glukosi ya chini, picha ya kifua yenye dalili au LAM (kipimo cha mkojo kinachotafuta chembe za vimelea vya kifua kikuu) ikiwa chanya vinatosha kukufanya uanze dawa, hasa mgonjwa anapozidi kuzorota ilhali presha imedhibitiwa.

Hatua ya 4. Kwa fangasi, toa amfoterisini ya liposomu miligramu 10 kwa kilo mara moja tu, ikichanganywa na dekstrozi asilimia 5, kamwe si maji ya chumvi, pamoja na flusitosini na flukonazoli miligramu 1200 kila siku kwa siku 14. Fuatilia potasiamu, figo na ini. Kwa kifua kikuu, dawa nne kwa miezi 2, kisha rifampisini na isoniazidi kwa miezi 10. Rifampisini hushusha kiwango cha flukonazoli mwilini, hivyo jadili na mtaalamu kuhusu kuongeza dozi.

Deksamethasoni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe, ndiyo fumbo. Miongozo huipendekeza kwa kifua kikuu cha ubongo, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2016, ukihusisha Uganda na Malawi, ulisimamishwa mapema kwa sababu ilileta madhara kwa wagonjwa wa kriptokoka. Kwa hiyo siitoi kwa mazoea; huamua pamoja na mtaalamu.

Hatua ya 5. Asiyekuwa kwenye ARV asubiri wiki 4 hadi 6 tangu aanze matibabu ya fangasi. Atakapoanza dolutegravir akiwa bado anameza rifampisini, apewe miligramu 50 mara mbili kwa siku.