Jinsi ya Kusoma Nyuzi za Kolajeni Pembeni mwa Uvimbe wa Titi

Seli za saratani ya titi zimezungukwa na kiunzi cha protini, hasa kolajeni, laminini na fibronektini, ambacho seli hizo, zikisaidiwa na fibroblasti zilizo jirani (seli zinazotengeneza nyuzi), hukivunja na kukijenga upya. Kimeng'enya cha lisili oksidesi huzifungamanisha nyuzi za kolajeni hadi zikakakamaa, na ugumu huo, ambao daktari huuhisi anapopapasa titi, huzifikia seli kupitia vipokezi viitwavyo integrini na kuzichochea ziendelee kugawanyika. Mwongozo huu unamfaa mtumishi wa maabara ya patholojia mwenye hadubini na vichujio viwili vya polaraiza, yaani vinavyopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu.

Kata tishu iliyohifadhiwa kwenye nta ya parafini kwa unene wa mikromita 5, yeyusha nta hiyo kwa kiyeyushi cha zailini, kisha ipitishe tishu katika etanoli inayopunguzwa nguvu hatua kwa hatua hadi kwenye maji. Iloweke saa 1 katika rangi nyekundu ya Sirius ya asilimia 0.1, iliyoyeyushwa katika mmumunyo uliokolea kabisa wa asidi ya pikriki. Suuza mara mbili kwa maji yenye asidi asetiki ya asilimia 0.5, pitisha haraka kwenye etanoli halisi na zailini, halafu funika kwa kioo. Asidi ya pikriki isiachwe ikauke, kwani fuwele zake kavu hulipuka. Ukikuta ukoko wa njano kwenye kifuniko cha chupa ya zamani, usikifungue, bali mwite mhusika wa usalama.

Vichujio vya polaraiza vikikingamana, yaani mhimili wa kimoja ukiwa pembe mraba na wa kingine, uwanja wote huwa mweusi na nyuzi za kolajeni hung'aa. Hapa ndipo wengi hukosea. Uzi uliolala sambamba na mhimili wa kichujio huzimika, kwa hiyo zungusha slaidi taratibu kabla ya kuandika kwamba kolajeni haipo. Wala usidai kwamba nyekundu ni kolajeni aina ya I na kijani ni aina ya III: rangi hubadilika kwa kufuata unene na mpangilio wa nyuzi, na madai hayo, japo yamezoeleka, hayategemeki.

Kinachostahili kusomwa ni mwelekeo. Katika titi lenye afya nyuzi nyingi hujikunja kama nywele za mawimbi. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walieleza mipangilio mitatu: kolajeni iliyosongamana karibu na uvimbe, nyuzi zilizonyooka zikiuzingira kwa kufuata ukingo wake, na nyuzi zinazoutoka ukingo kwa pembe mraba, ambazo seli hupita juu yake kama njia ya kutokea. Mwaka 2011 mpangilio huu wa tatu ulihusishwa na uhai mfupi zaidi wa wagonjwa.

Chagua sehemu kadhaa za ukingo, piga picha, na upime pembe za nyuzi kwa programu ya bure ya ImageJ. Ruka mahali ilipopita sindano ya kuchukulia sampuli, maana kovu nalo hunyoosha nyuzi.