Nani bora kati ya nyota wawili chipukizi wa besiboli? Namna ya kupima

Ubishi wa nani zaidi huharibika kabla namba ya kwanza haijatajwa, kwa sababu mara nyingi wabishi wanajibu maswali tofauti. Mmoja anazungumzia msimu uliopita, mwingine anazungumzia miaka kumi ijayo, na kila mmoja anamwona mwenzake hajui mchezo. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuchagua swali moja na kuliandika: nani alicheza vizuri zaidi msimu huu, nani ana uwezo mkubwa zaidi leo, au nani atakuwa na thamani zaidi huko mbele? Majibu ya maswali haya yanaweza kutofautiana kabisa kwa wachezaji walewale wawili.

Mfano bora wa kujifunzia ni Mike Trout wa Los Angeles Angels na Bryce Harper wa Washington Nationals katika msimu wa 2012. Wote wawili walipandishwa kutoka ligi za chini siku moja, 28 Aprili. Wote walicheza mechi 139. Wote walimaliza msimu na tuzo ya mchezaji bora chipukizi, Trout katika American League na Harper katika National League, ligi mbili zinazounda ligi kuu. Ni nadra kupata wachezaji wanaolingana hivyo upande wa muda wa kucheza.

Linganisha umri kabla ya takwimu

Trout alizaliwa 7 Agosti 1991, Harper 16 Oktoba 1992. Pengo hilo la miezi 14 linaonekana dogo, lakini kwa mchezaji wa miaka 19 au 20 ni kubwa mno, maana huo ndio wakati ambapo nguvu na uwezo wa kuusoma mpira vinakua haraka. Kanuni ya kawaida ni kuhesabu umri wa msimu kwa umri ambao mchezaji alikuwa nao 30 Juni. Kwa kanuni hiyo, 2012 ilikuwa ya umri wa 20 kwa Trout na 19 kwa Harper.

Sasa wapange umri kwa umri, uone mambo yanavyogeuka. Wakiwa na 19, Harper anashinda bila shaka: alicheza karibu msimu mzima kwa kiwango cha juu ya wastani wa ligi, ilhali Trout mwaka 2011 aliingia kwa mechi 40 tu na kupiga wastani wa 0.220 (mapigo 22 kwa kila majaribio 100). Wakiwa na 20, Trout yuko mbali sana. Wakiwa na 21, ni Trout tena, kwani Harper alijeruhiwa kidole gumba mwaka 2014 na kucheza mechi 100 tu. Wakiwa na 22, Harper anarudi mbele: 2015 alipiga 0.330, akafika besi (vituo vya kukimbilia) kwa kiwango cha 0.460, akapiga homurani 42 (mapigo yanayompa mpigaji mzunguko mzima wa besi) na kupewa tuzo ya mchezaji bora wa ligi kwa kura zote. Trout kwa umri huohuo, mwaka 2014, naye alichukua tuzo hiyo, lakini kwa 0.287 na homurani 36. Aliyeshikilia kalenda na aliyeshikilia umri wote wana hoja, na hawataelewana mpaka wakubaliane kipimo.

Kupima upigaji

Hapa ndipo sehemu kubwa ya thamani ya mchezaji asiye mrushaji ilipo, na ndipo makosa mengi hufanyika. Acha kwanza wastani wa kupiga. Wastani huo unahesabu pigo la besi moja sawasawa na homurani, na haujali kabisa besi ya bure anayopewa mpigaji baada ya mipira minne mibaya. Acha pia idadi ya mikimbio (pointi za timu) aliyoiingiza. Hiyo inategemea nani yuko kwenye besi mbele yake, na Trout mwaka 2012 alikuwa akifungua safu, kwa hiyo zamu yake ya kwanza kila mechi aliikuta uwanja mtupu. Mikimbio 83 kutoka nafasi hiyo si sawa na 83 kutoka nafasi ya nne.

Watu wengi hukimbilia OPS, ambayo ni jumla ya wastani wa kufika besi na wastani wa besi kwa kila jaribio la kupiga (besi za bure hazihesabiwi). Inafaa kwa haraka: Trout 0.399 na 0.564, jumla 0.963, Harper 0.340 na 0.477, jumla 0.817. Kasoro yake ni kwamba sehemu yake ya pili inaihesabu homurani kuwa na uzito mara nne ya pigo la besi moja, wakati kwa mikimbio inayozaa haizidi sana mara mbili, na inaupunja uwezo wa kufika besi.

Njia iliyo bora ni kumpa kila tukio uzito wake halisi. Kusanya hesabu za msimu mzima, kisha zidisha: besi ya bure au kugongwa na mpira kwa 0.7, pigo la besi moja kwa 0.9, la besi mbili kwa 1.25, la besi tatu kwa 1.6, homurani kwa 2.0. Jumlisha, ugawanye kwa zamu zote za kupiga. Uzito huu umezungushwa, lakini matokeo yake hukaribia sana kipimo kinachoitwa wOBA, na unaweza kukokotoa kwa karatasi na kalamu.

Trout 2012: besi za bure 67, kugongwa 6, mapigo ya besi moja 117, besi mbili 27, besi tatu 8, homurani 30, zamu 639. Jumla inatoka takriban 263, ukigawa ni 0.411. Harper: besi za bure 56, kugongwa 2, besi moja 87, besi mbili 26, besi tatu 9, homurani 22, zamu 597. Jumla ni takriban 210, ukigawa ni 0.351.

Tofauti ni 0.060. Ili kuibadili iwe mikimbio, igawe kwa 1.25, upate 0.048 kwa kila zamu. Kwa zamu 600 hiyo ni mikimbio 29 hivi. Na kwa kuwa mikimbio 10 hulingana na ushindi mmoja wa timu, upigaji peke yake ulimpa Trout kama ushindi 3 zaidi ya Harper. Hapo ubishi umepata kitu cha kushika.

Usisahau uwanja. Uwanja wa Angels wakati huo uliwabana wapigaji, kwa hiyo namba za Trout zinastahili kuongezwa kidogo. Kipimo cha OPS+ hufanya marekebisho hayo kwa ajili yako na kuweka wastani wa ligi kuwa 100: Trout alipata 168, Harper karibu 120. Wachezaji wakitoka ligi au miaka tofauti, usiwalinganishe kamwe kwa namba ghafi.

Mbio za besi

Besi iliyoibwa, yaani mkimbiaji kukimbilia besi inayofuata bila mpira kupigwa, ina thamani ya mkimbio 0.2 hivi, na kukamatwa kunagharimu karibu mara mbili yake, 0.4. Sababu ni kwamba ukikamatwa timu inapoteza mkimbiaji na auti (moja ya nafasi tatu za kutolewa katika zamu ya timu) kwa pamoja. Trout aliiba 49 akakamatwa 5: 9.8 toa 2.0, faida ya mikimbio karibu 8. Harper aliiba 18 akakamatwa 6: 3.6 toa 2.4, kama mkimbio mmoja. Anayetaja besi 18 bila kutaja zile 6 anatoa nusu ya hesabu. Mchezaji anayefanikiwa chini ya takriban asilimia 70 anaiumiza timu yake, hata akiongoza ligi kwa wizi.

Ulinzi: nenda taratibu

Hili ndilo eneo ambalo vipimo hutetereka zaidi, na ndilo ambalo watu husema kwa uhakika mkubwa kuliko wanavyostahili. Mdako mmoja wa ajabu hubaki kichwani kwa miaka. Trout alipopanda ukuta wa Camden Yards tarehe 27 Juni 2012 na kumnyang'anya mpigaji J.J. Hardy homurani, aliokoa mkimbio mmoja na ushei. Mamia ya mipira ya kawaida ndiyo huamua mlinzi ni mzuri au la.

Anza na nafasi. Mlinzi wa uwanja wa kati hupewa takriban mikimbio 2.5 ya ziada kwa msimu wa mechi 162, wa uwanja wa kulia au kushoto hukatwa 7.5, na wa besi ya kwanza hukatwa 12.5. Mchezaji akihama kutoka katikati kwenda pembeni, upigaji wake unabidi upande kwa mikimbio 10 ili thamani yake ibaki palepale. Kwa kijana hili lina uzito wa pekee, kwa sababu wengi huhamishwa kadiri miili inavyopanuka.

Baada ya nafasi, tazama kipimo cha ulinzi kwa misimu mitatu pamoja. Msimu mmoja hautoshi. Vipimo viwili vikipingana, chukua katikati na uvipe nusu ya uzito unaoupa upigaji. Kuanzia 2016 kuna kipimo cha auti za ziada kinachotokana na kamera za Statcast, ambacho kinajua mlinzi alisimama wapi na alikuwa na sekunde ngapi. Hicho ni cha kuaminika zaidi kuliko vya zamani.

WAR iwekwe mwisho

Namba ya WAR hujumlisha yote haya na kuyageuza kuwa ushindi ambao mchezaji anaongeza kuliko mchezaji wa akiba. Kosa ni kuanza nayo. Ukianza nayo, mazungumzo yanakufa, kwani hakuna anayejua imetoka wapi. Itumie kukagua hesabu yako mwenyewe. Kwa 2012 Trout alikuwa zaidi ya 10 na Harper karibu 5. Hesabu yetu ya upigaji na wizi wa besi imetoa mikimbio 36, yaani ushindi 3.6, salio linatokana na uwanja, ulinzi na namna ya kukimbia besi mpira ukiwa unachezwa. Inaingia akilini.

Tovuti za takwimu Baseball-Reference na FanGraphs hutumia vipimo tofauti vya ulinzi, hivyo mchezaji mmoja anaweza kutofautiana kwa ushindi mzima kati yao. Ikiwa pengo la nyota wako wawili ni chini ya 1, sema wako sawa. Atakayemtangaza mshindi kwa WAR 6.2 dhidi ya 5.8 anasoma usahihi ambao haupo.

Kutenganisha uwezo na bahati

Kiwango cha kutolewa kwa straiki tatu huanza kueleza ukweli baada ya zamu 60 hivi, besi za bure baada ya 120, homurani baada ya 170. Wastani wa kupiga huhitaji zaidi ya 900. Kwa hiyo kijana mwenye 0.360 mwishoni mwa Mei hajathibitisha chochote, lakini kijana aliyepunguza straiki tatu kutoka asilimia 28 hadi 19 kwa kipindi hichohicho amebadilika kweli.

Angalia pia wastani wa kupiga kwenye mipira iliyochezwa uwanjani, yaani bila kuhesabu homurani wala straiki tatu. Ligi nzima hupata karibu 0.300. Harper 2012 alipata 0.310, jambo la kawaida. Trout alipata 0.383, na wengi walitabiri ataporomoka. Mwaka 2013 akapata 0.376. Kasi yake ilikuwa inageuza auti kuwa mapigo. Hivyo namba ya juu si bahati moja kwa moja. Tafuta kwanza sababu ya kimwili, kama kasi ya miguu au ugumu wa mapigo. Mpira unaotoka kwenye gongo kwa kilomita 153 kwa saa au zaidi huhesabiwa kuwa pigo gumu, na mkimbiaji wa kawaida wa ligi kuu hufikia mita 8.2 kwa sekunde, wa kasi sana 9.1.

Kama swali lenu ni la kesho

Chukua misimu mitatu ya mwisho, uipe uzito 5, 4 na 3 kuanzia wa karibuni. Zidisha zamu za kila msimu kwa uzito wake, kisha ongeza zamu 1,200 za mchezaji wa wastani na ukokotoe wastani wa zote. Zamu hizo za kubuni ndizo zinazokuzuia kumwamini mno aliyecheza kidogo. Mwisho ongeza asilimia 0.6 kwa kila mwaka ambao mchezaji yuko chini ya 29.

Kwa Trout na Harper mwishoni mwa 2012, tukitumia msimu huo mmoja na wastani wa ligi wa 0.315, Trout anashuka kutoka 0.411 hadi 0.385, na Harper kutoka 0.351 hadi 0.341. Kwa 2013 Trout atakuwa na 21, anaongezewa asilimia 4.8 na kufika 0.403. Harper atakuwa na 20, anaongezewa 5.4 na kufika 0.359. Pengo la 0.060 limepungua kuwa 0.044. Trout bado yuko mbele, ila anayemtetea Harper sasa ana hoja yenye kipimo: zaidi kidogo ya robo ya tofauti ilikuwa ya sampuli ndogo na umri.

Afya ni ngumu kutabiri. Kwa kijana, idadi ya mechi alizokosa haitoshi; uliza aliumiaje. Harper alipogonga ukuta wa Dodger Stadium Mei 2013 akikimbiza mpira, ilikuwa ajali ya kasi na ujasiri. Maumivu ya mgongo au msuli wa paja yanayojirudia ni habari nyingine, na hayo ndiyo ya kukata makadirio ya zamu kutoka 650 hadi 500 kabla ya kuzidisha.

Ukifika mwisho, toa hukumu ikiwa na swali lake, msimu wake na ukubwa wa pengo: Trout, kwa 2012, kwa mikimbio 36 kabla ya ulinzi. Harper, kwa umri wa 22. Sentensi ya namna hiyo inaweza kupingwa kwa hesabu, na mwenzako akileta hesabu iliyo bora, ibadilishe.