SOMO: Jinsi ya kuandaa kikao kazi cha viongozi wa elimu kuhusu usawa wa rangi (kwa mlioko kwenye kamati za shule Marekani)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila ikifika Mei sanduku langu linajaa ujumbe ule ule: "Nimewekwa kwenye kamati ya usawa ya wilaya yetu ya shule, wanataka ritriti kabla shule hazijafunguliwa, naanzia wapi?" Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka. Leo naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia uzi huu.

Kwa wasionijua: nilifundisha sekondari Morogoro, nikaja huku majimbo ya kati, wilaya ikaniajiri kama mkalimani wa familia za wakimbizi wa Kongo, sasa niko ofisi inayoshughulikia usawa. Nimeandaa vikao vinne. Cha kwanza nilikiharibu mwenyewe, na nitaeleza nilivyokiharibu.

Ritriti yao si mafungo ya kanisani. Ni kikao kazi cha siku mbili: mkurugenzi wa wilaya, wasaidizi wake na wakuu wa shule wanatoka maofisini, wanajifungia mahali, wanatazama kwa nini programu za usawa hazizai matunda. Posho ya kikao hakuna, msijidanganye.

Hatua ya 1. Jua ni uamuzi gani utatoka. Si "tuongeze uelewa". Uamuzi. Mfano mzuri ni California: walianza kuzuia watoto wa madarasa ya chini kusimamishwa masomo kwa kosa la "ukaidi", wakapanda taratibu, na tangu Julai 2024 katazo linafika hadi darasa la 12. Hilo ni jambo unaloweza kulipigia kura na kulipima. Mkurugenzi wako asipoweza kutaja uamuzi mmoja anaokubali uguswe, ahirisha kikao.

Hatua ya 2. Tarehe. Isiwe wiki ya kufungua shule.

Hatua ya 3. Mwanasheria wa wilaya aone ratiba mapema. Tarehe 14 Februari 2025 Wizara ya Elimu ya Marekani ilituma barua iliyotishia fedha za shule zenye programu za namna hii. Mahakama za shirikisho zikaizuia baadaye mwaka huo huo, ila hofu ilibaki. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, ile sehemu ya sita inayokataza ubaguzi wa rangi na asili ya taifa kwa anayepokea fedha za serikali kuu, ipo pale pale. Kutazama takwimu zako za nidhamu si kosa. Usichofanya ni kuwagawa washiriki vyumbani kwa rangi zao. Pia hesabu wajumbe wa bodi: wakitimiza akidi, majimbo mengi yanakihesabu kikao chako kuwa mkutano wa hadhara, na lazima kitangazwe.

Hatua ya 4. Ukumbi. Nje ya ofisi, penye madirisha. Mkiwa na uwezo, nendeni mahali penye historia. Shule ya Highlander kule Tennessee ndiko Rosa Parks alikokwenda kiangazi cha 1955 kwenye warsha ya kutekeleza hukumu ya Brown ya 1954, ile ya Mahakama ya Juu ya Marekani iliyosema kutenganisha watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Disemba mosi mwaka huo huo akakamatwa kwenye basi Montgomery, Alabama, kwa kukataa kumpisha mzungu kiti. Penn Center, kisiwani St. Helena, South Carolina, ilianza 1862 kama shule ya watu waliotoka utumwani, na Martin Luther King na wenzake walikuwa wakijitenga hapo kupanga mambo yao miaka ya 60. Kwa hiyo mtu akikwambia vikao vya kujitenga ni kupoteza muda, mjibu inategemea nani amejitenga na kwa nini.

Hatua ya 5. Watu. Wasizidi 35. Wakuu wa shule wote, mhasibu mkuu, na msimamizi wa mabasi. Huyo wa mabasi kila mtu humsahau, na kesi nyingi zinaanzia kwenye basi.

Hatua ya 6. Takwimu ziende wiki moja kabla. Anza na picha ya nchi: ripoti ya 2018 ya wakaguzi wa Bunge la Marekani ilionyesha wanafunzi weusi walikuwa asilimia 15.5 ya wanafunzi wa shule za umma, lakini asilimia 39 hivi ya waliosimamishwa, kwa takwimu za mwaka wa masomo 2013–14. Kisha weka za kwenu. Hesabu ni nyepesi: shule ina watoto weusi 200, waliosimamishwa 30, hiyo ni asilimia 15. Weupe 500, waliosimamishwa 25, asilimia 5. Uwiano ni mara tatu. Usizirushe ukutani kwa mara ya kwanza zikiwa na majina ya shule zimepangwa kuanzia mbaya kabisa. Kila mkuu wa shule atageuka wakili wa shule yake na siku imeisha. Mpe kila mmoja zake kwenye bahasha kabla, azimeze nyumbani.

Hatua ya 7. Sauti za wazazi. Hapa ndipo nilipoharibu, nivumilieni.

Kikao cha kwanza tulikifanya Oktoba, na nilitaka viongozi waguswe. Nikamwalika mama mmoja mtu wa Fizi, Kongo, niliyekuwa namkalimania. Mwanawe alisimamishwa siku tatu kwa ugomvi wa kwenye basi. Barua ilikwenda nyumbani kwa Kiingereza, mama akaisaini akidhani ni ruhusa ya safari ya shule. Barua ilisema mtoto harudi mpaka mzazi aje naye kwenye kikao. Yeye akasubiri aitwe. Ilikuwa siku ya tisa, mtoto bado yuko nyumbani.

Nikamweka saa nane mchana, baada ya chakula, mbele ya watu 34, mimi nikiwa mwandaaji na mkalimani papo hapo. Akasimulia, nikatafsiri. Kiongozi mmoja wa safu ya mbele akaanza kulia. Wawili wakamkumbatia, mwingine akakimbilia tishu, mara nikaona chumba kizima kinambembeleza kiongozi. Mama amesimama na kitenge chake, barua mkononi imekunjwa mara nne. Akanigeukia, sauti ya chini: "Sasa banasema nini? Mutoto atarudia lini ku masomo?"

Hakuna aliyekuwa amesema kitu cha kutafsiri.

Kwa hiyo sikilizeni. USIMLETE mzazi ambaye shauri lake halijaisha, labda kama mwenye mamlaka ya kulimaliza yumo chumbani na ameshaambiwa. Mkalimani asiwe wewe. Huwezi kuendesha kikao na kubeba maneno ya mtu kwa wakati mmoja. Mlipe mzazi kama mnavyomlipa mwezeshaji, na nauli mwongezee juu ya hayo malipo, maana ameacha zamu kazini. Aongee asubuhi. Maswali ayapate kabla na ayakatae asiyoyataka. Na wafanyakazi wenu weusi wasigeuzwe shahidi wa lazima: mtu kaja kufanya kazi ya uhasibu, unamwambia "tueleze machungu yako" mbele ya bosi wake? Hapana.

Hatua ya 8. Mwezeshaji. Atoke nje ya wilaya, na awe na ubavu wa kumkatiza mkurugenzi.

Hatua ya 9. Maazimio. Kila azimio liwe na jina la mtu, tarehe na fungu la fedha. Lisilo na vitatu hivyo lifute kwenye karatasi watu wakiwa bado wamekaa. Weka kikao cha mrejesho baada ya siku 60, kalenda zijazwe kabla hawajaondoka.

Hatua ya 10. Chai. Iwepo.

Maswali karibuni.

---

Kijana wa Ujiji: Mkuu una ratiba tayari unirushie? Kikao ni Alhamisi.

Mwandishi: Alhamisi hii? Soma hatua ya 1. Ratiba ya kunakili sina, na ningekuwa nayo nisingekupa.

Mpwa wa Shangazi: Ndefu mno. Kwa kifupi?

Mwandishi: Kwa kifupi, soma.

Bonge la Texas: Mimi sielewi. Haya ni mambo ya Wamarekani weusi na wazungu wao. Sisi tumekuja kutafuta maisha, tunajiingiza ya nini?

Mwandishi: Mwanao akipelekwa ofisi ya mkuu wa shule, hakuna anayeuliza katokea Tandika au Mississippi. Kwenye fomu kisanduku ni kimoja. Na hiyo haki ya mtoto asiyejua Kiingereza kusaidiwa lugha ili aelewe masomo, iliamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1974 kwenye kesi ya wanafunzi Wachina wa San Francisco, ikisimama juu ya sheria ya 1964 ambayo watu weusi waliipigania kwa damu. Unakula matunda, usiuchukie mti.

Bonge la Texas: Punguza jazba, nimeuliza tu.

Mwandishi: Nami nimejibu tu.

Mwalimu wa Kisumu: Asante kwa somo. Hatua ya 6 imenigusa. Shule yetu ina watoto weusi 12 tu. Akisimamishwa mmoja, asilimia inaruka. Mnafanyaje?

Mwandishi: Swali zuri sana, mwalimu. Kwanza, idadi ndogo hivyo usiionyeshe hadharani. Sheria ya faragha ya wanafunzi inakubana, na kila mtu chumbani atajua mtoto ni nani. Pili, unganisha miaka mitatu. Tatu, na hii ndiyo yenye utamu, acha kuhesabu vichwa, soma sababu zilizoandikwa. Utafiti wa Russell Skiba na wenzake wa 2002 uliona watoto weupe wanapelekwa ofisini zaidi kwa makosa yanayoonekana, kama kuvuta sigara au kuharibu mali, na weusi kwa yale yanayotegemea jicho la mwalimu: kukosa heshima, kelele. Chapisha sababu 20 za kwenu, ondoa majina na rangi, wape viongozi wazigawe mafungu mawili: "ningeiona kwenye kamera" na "inategemea nani kaandika". Dakika arobaini tu. Mimi nimeona mkuu wa shule akikuta maneno aliyoyaandika mwenyewe kwenye fungu la pili, akanyamaza mpaka chai.

Mwalimu wa Kisumu: Hii naiiba. Na watoto wetu wa Kiswahili wanaonekana vipi kwenye takwimu?

Mwandishi: Hawaonekani. Mkongo, Msomali na mzaliwa wa Chicago wote ni "weusi". Omba safu ya lugha ya nyumbani, ipo, wazazi huijaza siku ya kuandikisha mtoto. Ukiiweka kando ya ile ya rangi ndipo utaona barua zipi hazisomwi.

Dada wa Nakuru: Nikitoka nje ya mada kidogo: huku wanaanza kila kikao kwa kupiga kelele "Harambee!" halafu wananiangalia mimi. Nifanyeje?

Mwandishi: Hahaha. Walichukua kwenu lakini wana haki nayo sasa. Freedom Schools za watoto zinazoendeshwa na Children's Defense Fund, shirika la kutetea watoto, huanza asubuhi kwa hiyo Harambee, na jina la shule zenyewe linatoka kwa shule za wapigania haki za watu weusi Mississippi ya 1964. Itikia tu, kisha kaa.

Mtu wa Pwani: Mimi waliniomba nilete ngoma. Mimi ni mhasibu.

Dada wa Nakuru: Ulileta?

Mtu wa Pwani: Nilileta ankara.

Mama Wawili: Pole kwa hatua ya 7, na asante kwa kuisema. Yule mama iliishaje?

Mwandishi: Msimamizi wa mabasi ndiye aliyesimama. Akatoka nje akapiga simu, mtoto akarudi shule kesho yake asubuhi. Barua ya kusimamishwa sasa inatoka kwa lugha tano, Kiswahili ikiwemo, na mtu anapiga simu siku hiyo hiyo. Miaka miwili baadaye nilimwomba mama aje tena, safari hii kwa malipo. Akaniambia ana zamu. Nikamwambia tutamlipia zamu. Akasema, "Ile siku ulikuwa unaona haya kuliko mimi. Tafuta mwingine." Sikumbishia.

Kijana wa Ujiji: Nimesoma yote mkuu. Nimemuuliza mkurugenzi uamuzi ni upi, kaahirisha mpaka Septemba.

Mwandishi: Umefanya kazi. Njoo inbox, tupange hatua ya 6.

Mpwa wa Shangazi: Nami nimesoma. Hatua ya 10 haina maelezo. Chai ya rangi au ya maziwa?

Mwandishi: Zote, chupa sawa kwa sawa. Tangawizi iwe pembeni, mtu ajiwekee. Kuna mkuu wa shule alikohoa hatua ya 6 nzima.