Umefanyiwa opresheni ya titi? Usiuache mkono ulale tu

Mama angu alipotoka hospitali kila aliyekuja kumjulia hali alimwambia huo mkono usiuguse kabisa uache upumzike, na yeye akatii jamani, wiki mbili kaukumbatia kifuani kama kichanga, bega likakaza mpaka blauzi nikawa namvalisha mimi. Hilo ndo kosa la majumbani kwetu. Wakikutoa tezi za kwapani yale maji ya mwili yanayoitwa limfu yanapungukiwa njia, na hayana moyo wa kuyasukuma kama damu, yanategemea sana misuli ikijikunja na kukunjuka, sasa mkono usipotembea yatapandaje? Yakikwama ndo mkono unavimba.

Siku za mwanzo hata mpira wa kutolea maji ukiwa bado upo, lala chali weka mkono juu ya mito mpaka upite usawa wa moyo, kama dakika 45 hivi, mara mbili au tatu kwa siku. Hapohapo fumba na ufumbue ngumi mara 15 mpaka 25 (mi nilimviringia soksi ziwe kimpira cha kuminya), kunja kiwiko kunjua, vuta pumzi ndefu mpaka tumbo lijae. Ila kiwiko usikipandishe kupita bega mpaka daktari aruhusu.

Akisharuhusu ndo unaenda ukutani. Simama uuangalie ukuta, vidole vipande taratibu kama buibui mpaka usikie unavutika, ukivutika sawa, ukiuma kwa kuchoma rudi chini. Nilikuwa napiga alama ya penseli kila siku, ya kwanza ilikuwa chini ya swichi ya taa, baada ya wiki kadhaa imeipita swichi na mama mwenyewe ananiita njoo uweke alama bwana. Zoezi jingine lala chali shika mti wa ufagio kwa mikono yote miwili, ule mzima uusaidie mgonjwa kupanda kuelekea kichwani, mara 5 mpaka 7. Ukiona kama kamba imekaza kwapani usiogope, inatokea, mwambie mtu wa fizio (wa mazoezi ya viungo hospitalini).

Na hii ya kuambiwa hutabeba kitu maisha yako yote sikubaliani nayo, kuna utafiti wa Marekani wa 2010, wanawake walionyanyua vyuma kidogokidogo wakisimamiwa hawakuvimba kuliko wasionyanyua. Kidogokidogo lakini, anza na chupa ya maji ya nusu lita, ndoo ya lita 20 usiikimbilie.

Mazoezi hayakuhakikishii kwamba hutavimba, kwahiyo chukua futi ya fundi cherehani upime unene wa mikono yote miwili, ikiwezekana kabla ya opresheni, uandike kwenye daftari urudie kila mwezi. Pete ikianza kubana au mkono ukiwa mzito usisubiri kliniki ya mwezi ujao. Ukiwa mwekundu, wa moto na una homa, ni hospitali siku hiyohiyo hata kama ni usiku.